Dakika Kumi na Moja

Kifungu cha kumi na nne, aya ya tatu:
*Zamu huanza greda linapotoka uani.*
Linapotoka. Neno moja hilo
limenikalisha kwenye meza hii wiki ya sita,
upande wa Jiji, upande wa dirisha.
Huko nje Winnipeg imeganda hadi kwenye mfupa,
na watu wanateleza juu ya mto
kwa viatu vya chuma, kana kwamba hawana madeni.

Ng'ambo yangu ni Réal Gosselin wa chama.
Koti halivui, hata tukiongeza joto.
Anasema: "Injini ya dizeli,
nyuzi thelathini na mbili chini ya sifuri,
haiamshwi na aya ya tatu."
Anasema: "Anayekwangua barafu kiooni saa hiyo
ni nani wenu? Mgeni?"
Naandika. Kazi yangu ni kuandika
na kutoitikia hata kwa ukope.

Wanadai dakika kumi na moja.
Zizidishe kwa madereva mia na arobaini:
saa ishirini na tano na dakika arobaini
Jiji huzipata bure, kila zamu,
kabla jua halijafikiriwa.
Haba na haba hujaza kibaba,
ila methali haikusema
kibaba ni cha nani.

Mama hunipigia simu Jumapili.
Baba alizoa taka za mji huu miaka ishirini na tisa,
na vidole viwili alivizika kabla ya mwili.
"Orysia, sasa uko upande gani?"
Upande wa dirisha, Mama.
Hacheki.

Jumanne, saa kumi usiku, nilikwenda karakana ya kaskazini
na saa ya kubonyeza mfukoni.
Bayani Macaraeg alinitazama mara moja, basi.
Alilizunguka greda kwa tochi,
akagonga matairi kwa nyundo, akasikiliza,
akapiga magoti chini ya bapa
akitafuta pini iliyokatika.
Dakika ya nne, injini ikakohoa, ikakataa.
Dakika ya nane, ikakubali kwa masharti.
Masharubu yake yalikuwa meupe
kama ya babu wa mtu mwingine.
Lilipotoka uani nikabonyeza.

Kumi na tatu.

Chama kilikuwa kimedai pungufu.
Sijui kama Réal alihesabu vibaya
au alihesabu siku ya joto,
au aliona aibu kuomba yote.
Niliiandika kumi na tatu katika daftari,
nikalifunga, na daftari likawa zito
namna karatasi isivyopaswa kuwa.

Kamati ya Fedha ilinipa dakika saba,
kama mtu anavyompa mtoto hela ya peremende
kisha akadai risiti.
Ijumaa, saa tano usiku,
chai ikiwa imepoa mara ya tatu,
tulikutana kwenye tisa.
Mbili za ziada nilizikata kwenye bajeti ya glavu.
Ndivyo tunavyouma na kupuliza,
na siku nyingine hatujui tumeanza na lipi.

Réal akavua koti.
Ndani alivaa fulana ya mgomo wa zamani,
maandishi yamefifia, imebaki ngumi tu.
Akanishika mkono: "Umetutendea haki, bibie."
Daftari lilikuwa chini ya kiwiko changu.
Nikasema asante.

Ikaanguka theluji usiku kucha.
Alfajiri greda lilipita mtaani kwetu, polepole,
likaacha tuta la barafu mdomoni mwa lango langu,
kiunoni kwa urefu.
Huenda ni kawaida ya bapa.
Huenda ni barua.
Simu ya malalamiko naijua kwa moyo,
mimi ndiye niliyeandika majibu yake.

Nikachukua koleo.
Nilichimba mpaka jasho likaganda mgongoni,
na saa, iliyokuwa bado mfukoni,
sikuibonyeza.